Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii twaweza kuipima kwa historia ya Bunge la Kenya, na hasa kwa namna wanawake walivyopokewa katika siasa za nchi.

Hapana awezaye kusema kwamba wanawake hawakuwamo katika kupigania haki. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa na Waingereza. Mwaka 1922 Mary Muthoni Nyanjiru aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, katika umati uliodai Harry Thuku afunguliwe. Walakini, uhuru ulipopatikana mwaka 1963, hapakuwa na mwanamke hata mmoja miongoni mwa wabunge. Waliostahili kufa pamoja na wanaume hawakuonekana wanastahili kuketi pamoja nao.

Wala jambo hili halikuwa la heshima tu. Ilikuwako sheria ya mwaka 1959 iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumshtaki baba wa mtoto wake, ili alipe fedha za malezi. Wanaume wengi waliichukia. Mwaka 1969 Bunge la wanaume watupu likaifuta. Mwenye kuguswa na sheria hiyo hakuwapo kusema neno. Na mtoto, asiye na kosa lolote, akabaki kuwa mzigo wa mama peke yake.

Desemba mwaka huohuo watu wa Kisumu walimchagua Bibi Grace Onyango. Alikuwa amefanya kazi ya ualimu, kisha akawa diwani, na mwaka 1965 akawa meya wa mji huo. Sasa akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na raia kuingia Bungeni, akadumu huko mpaka mwaka 1983. Lakini wabunge waliochaguliwa walikuwa 158, naye alikuwa mmoja tu. Sauti moja huweza kusikilizwa kwa adabu, na hesabu ya kura isibadilike. Hata mwaka 1979, wanawake walipokuwa wameongezeka kidogo, mswada wa ndoa ulikataliwa, na baadhi ya wabunge wakalalamika kwamba ungemnyima mume haki ya kumrudi mkewe kwa kumpiga.

Aliyesema nje ya Bunge naye hakusalimika. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: bustani ni mali ya wananchi wote, na nchi haifai kukopa fedha nyingi kwa ajili ya fahari. Wabunge waliijadili habari yake, lakini badala ya kuijibu hoja walimsema mwenyewe, wakataja kuachika kwake na kuwadhihaki wenzake kuwa kundi la wanawake walioachwa. Twauliza: talaka ya mtu yahusikaje na bei ya jumba? Mwishowe mpango ukaachwa, na bustani ipo hata leo. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua awe mbunge wao.

Katiba ya mwaka 2010 iliamuru kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Katika Bunge la Taifa la mwaka 2013 wanawake walikuwa 68 kati ya wabunge 349. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya ndoa, na kifungu kilichompa mke nafasi ya kusema kabla mumewe hajaoa mke mwingine kikaondolewa. Wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa hasira. Waliobaki wakapiga kura. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza theluthi hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Kadhalika, mwezi wa Agosti mwaka 2019, Bibi Zuleikha Hassan wa Kwale aliingia ukumbini na mtoto wake mchanga, akaamriwa atoke. Kanuni zilikataza mgeni, na mtoto akahesabiwa mgeni. Kanuni hizo hazikumfikiria mtu anayeingia kazini na mtoto wa kunyonya.

Msomaji, iko siku nawe utapiga kura, au utaomba kupigiwa. Siku hiyo utasikia mgombea mmoja akiulizwa atajenga barabara gani, na mwingine akiulizwa ameolewa wapi na nani anawapikia watoto wake. Waulize wote wawili habari ya barabara. Hapo utakuwa umewapima kwa kipimo kimoja, na umepata jibu litakalokufaa wewe na kijiji chako.