Nyika Ilionwa, Bahari Haikuonwa

Asimamaye juu ya mawe makubwa ya Mwitongo, pale Butiama alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, huwa ameiacha Serengeti upande wa mashariki na Ziwa Victoria upande wa magharibi. Bahari ya Hindi iko mbali sana. Hata hivyo, anayepanga safari ya Mafia ili avae mtungi wa hewa na kuzamia kwenye matumbawe, historia ya safari yake yafaa aianzie hapo Mwitongo.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu alitoa tamko mjini Arusha. Silo lile Azimio la 1967. Tamko hili liliahidi kuwalinda wanyama wa porini kwa ajili ya wajukuu wetu. Wakati huo Serengeti ilikuwa hifadhi tangu 1951, na mwaka 1959 Wamasai walikwisha kuhamishwa humo kwenda Ngorongoro.

Mbona bahari ilisahauliwa? Kwa sababu tembo humwona kila apitaye njiani, bali tumbawe liko chini ya maji. Wavuvi walilijua, lakini wakubwa hawakuwauliza. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa cha kumwezesha mtu kupumua chini ya maji bila kufungwa bomba la kutoka juu. Tangu hapo asiyekuwa mvuvi naye akaweza kuona.

Jirani zetu wa Kenya walitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Sisi, mwaka 1975, tulizitangaza Bongoyo na Mbudya kuwa maeneo tengefu. Lakini tangazo bila mlinzi ni karatasi tu. Baruti iliendelea kulia. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na kuuvunja mwamba wanamozaliana. Matumbawe ya bonge huongezeka kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Kilichovunjwa kwa dakika moja hungoja miaka mingi.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Mafia, yenye kilometa za mraba zipatazo 822. Hapa kuna tofauti kubwa na Serengeti: wenyeji hawakuhamishwa. Vijiji vimo ndani ya hifadhi, na bahari imegawanywa: pengine uvuvi haruhusiwi mtu kabisa, pengine unaruhusiwa kwa masharti.

Lakini tusijidanganye. Mvuvi aliyekatazwa kutega mahali alipotega babu yake humwona mgeni akilipa ili awatazame samaki walewale. Akiuliza, "Mimi napata nini?" hilo si swali la ukaidi. Ni swali ambalo Wamasai wa 1959 hawakujibiwa vya kutosha. Hifadhi isiyomjibu itamlazimisha kuvua usiku.

Na liko jambo ambalo mlinzi hawezi kulifukuza. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi kufa, ya Mafia yakiwamo.

Basi mwenye kupanga safari azingatie haya. Aende kaskazi inapovuma, kati ya Oktoba na Machi, kwani ndio wakati wa papa potwe karibu na Kilindoni. Ajifunze kwanza kwa mwalimu mwenye cheti. Asikanyage tumbawe, kwani ni kiumbe hai. Akiisha kuzamia asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, maana hewa iliyoingia mwilini chini ya shinikizo huweza kumdhuru. Na fedha yake aitumie pia kijijini: akodi mashua ya mwenyeji, ale chakula cha mwenyeji.

Nyika ilipata mtetezi mapema kwa kuwa ilionekana. Bahari nayo yahitaji mashahidi wengi, na haifai wawe wageni peke yao.