Dhima ya vipuri vyenye kasoro katika ajali za malori

Dhima ya vipuri vyenye kasoro ni wajibu wa kisheria wa kulipa fidia pale spea mbovu ya gari inaposababisha ajali au kuchangia kutokea kwake. Wajibu huo unaweza kumwangukia aliyeiunda, aliyeiagiza kutoka nje, aliyeiuza, aliyeifunga, au mwenye lori aliyeendelea kuitumia. Kenya haina sheria moja yenye jina hilo. Kanuni zake zimetawanyika katika Katiba ya 2010, sheria za biashara, Sheria ya Trafiki na hukumu za mahakama, nyingi zikiwa zimerithiwa kutoka Uingereza. Makala haya yanazieleza kwa kuitazama Tala, mji wa soko ulioko Matungulu, Kaunti ya Machakos.

Tala iko kwenye Barabara ya Kangundo, mashariki mwa Nairobi, baada ya Joska, Malaa na Kantafu. Lami hiyo moja hutumiwa na tipa za mchanga na mawe ya ujenzi, matatu, bodaboda na watu wanaokwenda sokoni kwa miguu. Kesi za ajali za upande huu husikizwa na mahakimu wa Kangundo au hupelekwa Machakos, kwenye Mahakama Kuu. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa katika mahakama ya madai madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Spea zenyewe, kwa sehemu kubwa, hutoka Nairobi, katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga na Grogan. Huko mnunuzi hukuta mpya za kampuni, mpya za kuigiza, na zilizovuliwa kutoka magari makuukuu.

Anayeweza kushtakiwa

Msingi wa dhima ya muundaji uliwekwa na kesi mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Scotland. Mwaka 1916 mahakama ya rufani ya New York, kwa kalamu ya Jaji Cardozo, ilimwajibisha mtengenezaji wa magari wa Buick kwa gurudumu la mbao bovu lililovunjika, ingawa mtengenezaji hakuwa na mkataba wowote na aliyeumia na gurudumu lenyewe alilinunua kwa mtu mwingine. Mwaka 1932, katika Donoghue dhidi ya Stevenson, majaji wa Baraza la Mabwana la Uingereza walisema muundaji anawajibika kumtahadharia mtumiaji wa mwisho asiyemjua. Sheria ya kawaida ya Uingereza iliingia Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na hukumu za baadaye, hizi zikiwemo, hutumiwa na mahakama za Kenya kama mwongozo wenye uzito. Hivyo mama aliyegongwa na tipa pembeni mwa barabara anaweza kumshtaki aliyeunda breki bila kuwa amenunua chochote.

Tatizo ni kwamba muundaji yuko mbali. Akiwa ng'ambo, mdai lazima kwanza aombe idhini ya mahakama ili ampelekee hati za kesi nje ya nchi, na bidhaa ya kuigiza mara nyingi haina muundaji anayejulikana. Sheria ya Ushindani ya 2010 inagusa hali hiyo katika vifungu vyake kuhusu bidhaa zenye kasoro zinazojeruhi. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro.

Muuzaji anakamatika kwa urahisi zaidi, lakini si na kila mtu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinaweka ndani ya mauzo masharti ambayo hayakuandikwa: bidhaa iwe ya ubora unaouzika, na ifae kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Ukimwambia mwenye duka unataka laini ya breki ya lori la tani kumi, akakupa ya gari dogo, amevunja mkataba hata kama hakuwa na nia mbaya. Masharti hayo ni ya mnunuzi. Aliyegongwa hakununua kitu, kwa hiyo humshtaki muuzaji kwa uzembe. Kwa sababu hiyohiyo, maneno yanayochapwa chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayamfungi mtu ambaye hakupokea risiti hiyo.

Fundi naye ana sehemu yake. Katika kesi ya Stennett dhidi ya Hancock ya 1939, pete ya gurudumu la lori ilichomoka barabarani ikampiga mwanamke aliyekuwa akitembea. Mwenye lori aliachiliwa kwa sababu alikuwa amepeleka gurudumu kwa fundi aliyeaminika kuwa na ujuzi, na fundi ndiye aliyelipa. Hukumu hiyo inawahusu sana mafundi wa jua kali waliojipanga kando ya barabara zetu, ambao wengi hawana bima wala rekodi ya kazi. Lakini kinga ya mwenye lori hutegemea kwamba alichagua fundi mwenye uwezo. Anayempelekea mtu yeyote mwenye spana hajifichi nyuma ya kesi hiyo.

"Breki zilifeli"

Karibu kila dereva wa lori lililoacha njia husema maneno hayo, na raia wengi hudhani yanamwondolea lawama. Kisheria ni kinyume chake. Breki zikifeli, mzigo wa kueleza huhamia kwa mwenye gari. Katika kesi ya Embu Public Road Services ya 1968, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mazingira ya ajali yakionyesha dalili ya uzembe, mdaiwa ndiye wa kuonyesha sababu inayowezekana ya ajali ambayo haina uzembe ndani yake.

Kesi iliyochambua jambo hili kwa undani zaidi ni Henderson dhidi ya Henry E. Jenkins & Sons, iliyoamuliwa London mwaka 1969. Lori la miaka mitano lilikosa breki kwenye mteremko na kumuua mtu aliyekuwa akishuka kutoka gari lililoegeshwa. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu upande ambao haukuonekana bila kulitoa, na hakuna muundaji wala serikali aliyeshauri litolewe. Wenye lori walifikiri hilo linatosha. Mabwana watatu kati ya watano walisema halitoshi: wangepaswa kueleza historia ya lori lile, limebeba nini, limepita wapi, na kwamba hakukuwa na jambo la ajabu lililoita uangalizi zaidi. Hawakuleta ushahidi huo, na mjane akashinda. Hukumu hiyo ikiwekwa Machakos, mwenye tipa linaloshinda kwenye mito likipakia mchanga wenye maji hawezi kusema kutu ilimshangaza.

Mfano wa tairi ni kesi ya Barkway ya 1950, iliyotoka Wales, ambapo tairi la basi lilipasuka na basi likatumbukia bondeni. Nyufa za ndani zilizotokana na pigo la awali hazikuonekana kwa macho. Kampuni ililipa kwa sababu haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti kila pigo zito kwenye tairi. Mashimo ya barabara za Ukambani yanaufanya utaratibu huo kuwa muhimu zaidi kuliko ulivyokuwa huko Wales.

Maneno mengine ya madereva, "hewa iliisha", yanahitaji kupimwa kwa makini. Malori makubwa yenye breki za hewa huwa na springi zinazokaza breki zenyewe shinikizo likishuka, hivyo hewa ikiisha lori husimama kwa nguvu, haliteremki kuelekea sokoni. Lori la aina hiyo linalokimbia kwenye mteremko kwa kawaida lina dramu zilizopata moto, pedi zilizokwisha, marekebisho mabaya au mzigo uliopita kiasi. Katika malori yanayotumia mafuta ya breki, laini ikipasuka, nguvu hupotea kweli. Hakimu asiyeuliza lori lilikuwa na mfumo upi atapokea maelezo yasiyowezekana.

Uzito nao hubadilisha mizani ya dhima. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo inaweka kikomo cha tani 56 kwa magari makubwa kabisa, na kila ekseli ina kiwango chake. Ekseli iliyovunjika chini ya mzigo uliozidi kiwango haimfungi muundaji kirahisi. Kujua kasoro na kuendelea kuendesha ni kosa la namna hiyohiyo. Katika Lambert dhidi ya Lewis, iliyokwisha 1981, kiungo cha trela chenye ubunifu mbaya kiliachia na watu wakafa. Muundaji alibeba asilimia 75, na mwenye gari asilimia 25 kwa sababu aliendelea kukitumia akijua kimevunjika, tena hakuweza kurudishiwa sehemu yake na aliyemuuzia. Kwa upande wa jinai, kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza kutumia barabarani gari lililo katika hali ya hatari.

Spea kama ushahidi

Hapa ndipo madai mengi dhidi ya muuzaji na muundaji hufia, na kwa maoni ya mwandishi udhaifu uko katika utunzaji wa ushahidi kuliko katika sheria. Baada ya ajali lori huvutwa hadi kituo cha polisi, hukaguliwa, kisha hurudishwa kwa mwenyewe au kwa kampuni ya bima. Ripoti ya ukaguzi mara nyingi huishia kwenye kasoro iliyoonekana na haisemi kama ilikuwapo kabla ya ajali au ilizaliwa nayo. Wakati wakili anapomtafuta mtaalamu wa metali, laini iliyopasuka imeshatupwa au imeuzwa kama chuma chakavu. Cheti cha ukaguzi wa kila mwaka cha Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012, husaidia kidogo tu, kwa kuwa huonyesha hali ya lori siku ile ya ukaguzi.

Mwenye lori anayeamini aliuziwa spea mbovu anaweza kumvuta muuzaji katika kesi hiyohiyo kwa notisi ya mtu wa tatu. Kanuni za madai za 2010 zinamtaka aombe idhini ndani ya siku 14 baada ya hati za pande zote kukamilika. Bila risiti na bila kipande chenyewe, notisi hiyo haina uzito.

Muda, bima na waliokuwa ndani ya lori

Dai la uzembe huletwa ndani ya miaka 3, na la mkataba ndani ya miaka 6, kwa sheria ya muda wa kudai, Sura ya 22. Bima ya lazima ya Sura ya 405 humlipa aliyeumizwa, lakini kwa mtu mmoja kikomo ni shilingi milioni 3, na ni bima ya matumizi ya gari, si ya duka la spea. Jamaa wa marehemu hudai kupitia sheria ya ajali za vifo, Sura ya 32, na mali yake hudai kupitia Sura ya 26.

Dereva na utingo, ambaye Tala huitwa tanboi, huwekwa kando katika maelezo mengi ingawa ndio wanaokaa karibu zaidi na breki. Wakiwa wameajiriwa, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 huwapa malipo bila kuthibitisha uzembe na huwazuia kumshtaki mwajiri mahakamani kwa jeraha hilo. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Kizuizi hicho ni cha mwajiri peke yake, hivyo utingo aliyekatwa mguu kwa sababu ya stadi za gurudumu zilizokatika anaweza kumfuata aliyeziuza au aliyezifunga.