Vibanda Umiza na Historia ya Hadithi za Sayansi

Historia ya wapenzi wa hadithi za sayansi hupenda kuanzia New York, Julai 1939, wasomaji wapatao 200 walipokutana siku tatu na kuuita mkutano wao Worldcon, yaani wa dunia. Dunia gani? Hata vijana sita wa kundi pinzani, Frederik Pohl akiwamo, walizuiwa mlangoni. Na hadi ule wa 2025 mjini Seattle, mkutano huo ulikuwa haujakanyaga Afrika.

Mimi nadai kwamba Temeke tulikuwa na wetu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, basi mabanda ya video yakapata wateja. Lufufu alianza kwa kutafsiri filamu papo hapo mbele ya watazamaji, baadaye akaingiza sauti yake kwenye kanda. Utotoni, katika kibanda umiza cha Mbagala, nilisikia roboti la Kimarekani likidaiwa kodi ya chumba! Tulicheka, tukamjibu mtafsiri, tukabishana njia nzima. Huyo ni fanani, na sisi hadhira. Fasihi simulizi tunayofundishwa darasani ni hiyo hiyo.

Wahakiki wetu wakiulizwa kuhusu sayansi katika fasihi ya Kiswahili hutaja Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Sawa, riwaya nzuri, lakini hiyo imechapwa, haipotei kesho. Kanda huota ukungu. Nimeanza kumhoji mjomba: anakumbuka maneno ya mtafsiri kwa filamu nzima, jina la filamu kalisahau.