Konfleksi juu, pombe chini: historia fupi ya toti za pudingi

Kwa wale wapenda pati, bila shaka mmeshakutana na vile vikombe vidogo vya plastiki, vinavyofanana na vya kupimia dawa ya kikohozi. Ndani kuna pudingi ya chokoleti au vanila iliyochanganywa na pombe, juu yake krimu, na juu ya krimu wamenyunyiza konfleksi. Unachota kwa kijiko, au unabinua kikombe mara moja na mambo yamekwisha. Wengine wanaziita shoti. Mimi nitaziita toti, maana neno hilo wazee wetu walilitumia baa kabla sisi hatujazaliwa.

Kuna rafiki zangu wameniomba niwaeleze jinsi ya kuziandaa. Nitawaeleza, msiwe na wasiwasi. Tatizo ni kwamba kazi hii ya kuuliza maswali imenikaa kichwani, na siku hizi siwezi kupewa kikombe nisiulize kimetoka wapi. Nimefuatilia, na nimekuta kisa kitamu kuliko pudingi yenyewe.

Ebu tuanze na hizo konfleksi.

Mwaka 1863, katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani, liliundwa rasmi Kanisa la Waadventista Wasabato. Mwaka huo huo Ellen White, mmoja wa waasisi wake, alianza kuhimiza mafundisho ya afya ambayo Wasabato wanayafuata mpaka leo: kuacha pombe, tumbaku, chai na kahawa, na kupunguza au kuacha nyama. Mwaka 1866 wakafungua kituo cha afya hapo hapo Battle Creek, na kuanzia 1876 kikaongozwa na daktari kijana aliyeitwa John Harvey Kellogg. Ndiyo, jina hilo hilo la Kellogg unalolijua kwenye boksi.

Daktari Kellogg hakuwa na mzaha. Wagonjwa wake, wengi wao watu wenye fedha zao, hawakupata hata tone la mvinyo. Aliamini kwamba vyakula vikali na vyenye viungo vingi humwamshia mtu tamaa za kila aina. Hivyo akawa anatafuta chakula laini cha nafaka, kisicho na makeke. Mwaka 1894 yeye na mdogo wake, Will Keith, walipitisha kwenye vinu ngano iliyopikwa na kuachwa ikachacha. Badala ya kutoka kama chapati, ikatoka vipande vyembamba vyembamba. Wakavioka vikakauka. Baadaye Will akahamia kwenye mahindi, na mwaka 1906 akafungua kampuni yake. Kaka mtu alikuwa hataki sukari kwenye chakula hicho, mdogo mtu akaiweka. Ndugu hao walifikishana hadi mahakamani.

Daktari mwenyewe alitengwa na kanisa mwaka 1907, lakini msimamo wake juu ya pombe haukubadilika. Na mafundisho yale yalishasafiri mbali. Wasabato walifika Upare ya kusini mwaka 1903, na Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kama una shangazi Msabato asiyekunywa hata chai ya rangi, basi ujue yeye na konfleksi wamezaliwa nyumba moja.

Sasa rudi kwenye kikombe chetu. Chakula kilichobuniwa kwenye nyumba ya kupiga vita pombe leo kinatumika kuipamba. Daktari Kellogg angeiona sahani hiyo, sijui angesema nini. Nahisi asingesema kwa sauti ndogo.

Haya, tushuke chini ya konfleksi. Hili wazo la kuigandisha pombe ili iliwe badala ya kunywewa lilitoka wapi?

Watu wengi, hasa Wamarekani, watakutajia jina la Tom Lehrer. Alikuwa mwanahisabati na mtunzi wa nyimbo za kejeli, akafariki mwaka 2025 akiwa na miaka 97. Kati ya 1955 na 1957 alikuwa jeshini. Mwenyewe alisimulia kwamba kambini kwao Washington pombe ilipigwa marufuku, na sherehe ya Krismasi ilikuwa inakaribia. Yeye na mwenzake wakasoma sheria kwa makini, wakaona inazungumzia vinywaji. Jeli si kinywaji! Wakachanganya vodka na jeli ya unga, ikaganda, wakaipeleka kwenye sherehe kama chakula. Hesabu kamili kabisa.

Kisa ni kizuri, ila Lehrer hakuwa wa kwanza. Mwaka 1862 mhudumu wa baa maarufu wa Marekani, Jerry Thomas, alichapisha kitabu cha kuchanganya vinywaji. Ndani yake kuna jeli ya panchi, yaani mchanganyiko wa pombe kali, malimau na sukari ulioganda. Cha kugandishia kilitokana na vibofu vya samaki. Watu wa Mwanza mnavijua, ndiyo mabondo, ingawa yale yaliyosifika huko Ulaya yalikuwa ya samaki aina ya sturgeon wala si ya sangara wetu.

Lililonigusa zaidi ni onyo aliloweka Thomas chini ya maelezo yake. Kwa ufupi anasema: tumia jeli hii kwa uangalifu, maana ukali wake umefichika kiasi kwamba wageni hujikuta wameila nyingi, na baadaye hawawezi tena kucheza dansi. Onyo hili lilichapishwa zaidi ya miaka 160 iliyopita! Tangu siku ya kwanza, waliojua kuitengeneza walijua hatari yake haimo kwenye pombe tu. Imo kwenye kufichika kwake.

Pudingi nayo ina ukoo wake. Mwaka 1837, Birmingham, Uingereza, mkemia Alfred Bird alitengeneza unga wa kastadi usio na mayai kwa sababu mke wake, Elizabeth, mayai yalikuwa yanamdhuru. Penzi la jikoni hilo. Kule Marekani, katika miaka ya 1950, zikaja pudingi za papo hapo, ambazo unakoroga na maziwa baridi bila kuwasha jiko. Halafu mwaka 1974 ikaingia sokoni Baileys, krimu iliyochanganywa na wiski ya Ireland. Hapo pombe ikapata ladha ya maziwa na chokoleti. Kilichobaki ilikuwa ni mtu kuviweka vyote kwenye kikombe kimoja.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Lehrer alimficha mkuu wa kambi, lakini waliokula walijua wanakula nini. Tena walishukuru. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Kwenye pati moja hapa Dar nilimwona dada mmoja, mtu wa dini yake, ambaye hajawahi kugusa pombe maishani. Sinia lilipita, hakuna aliyesema kitu, akachukua viwili akidhani ni kitindamlo. Jamaa wa pembeni wakaanza kucheka. Alipoambiwa hakugomba. Aliweka kijiko chini, akachukua mkoba wake na kuondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena nyumba ile. Mwenye nyumba hadi leo anasema ulikuwa utani.

Mimi naona ule haukuwa utani. Mtu anaweza kuwa na dawa anazomeza, anaweza kuwa mjamzito, anaweza kuwa ameacha pombe kwa taabu na anahesabu siku, anaweza kuwa ameacha gari nje. Au hataki tu, basi, na kutotaka kunatosha. Ulimi wake ukidanganywa kwa ridhaa yake, hiyo ni starehe. Akidanganywa yeye mwenyewe, huo ni uonevu.

Sasa maelezo niliyowaahidi. Kwa toti kama 20 unahitaji pakiti moja ndogo ya pudingi ya papo hapo, ya gramu kama 100, maziwa baridi mililita 180, vodka mililita 60, Baileys au krimu yoyote ya aina hiyo mililita 120, na krimu iliyopigwa kama gramu 225. Koroga unga na maziwa kwanza mpaka yaanze kushikana, ndipo utie pombe. Usibadilishe mpangilio huo, kwa sababu unga huu hushikana kwa kukutana na maziwa, na pombe ikitangulia utapata uji. Mwisho changanya krimu polepole bila kuipiga tena, gawa kwenye vikombe, weka kwenye friji saa mbili au zaidi. Usipopata pudingi ya papo hapo, pika kastadi nzito, iache ipoe kabisa, kisha endelea hivyo hivyo.

Konfleksi weka dakika ya mwisho, sinia likiwa mlangoni. Ukiwahi, zitanyonya unyevu na kulainika kama karatasi iliyonyeshewa.

Tupige hesabu kidogo. Vodka ya asilimia 40 na Baileys ya asilimia 17, kwa vipimo hivyo, zinatoa pombe halisi mililita 44 hivi. Gawa kwa 20, kila toti ina mililita 2 na ushee. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo toti 11 hivi ni sawa na bia moja. Si mbaya.

Lakini chukua jeli: maji ya moto mililita 240, vodka mililita 240, vikombe 16. Hapo kila kikombe kina mililita 6, na vikombe vinne tu vimeshafika bia moja. Vikombe ni vile vile, utamu ni ule ule, ila kimoja kina nguvu karibu mara tatu ya kingine. Mgeni atajuaje? Hawezi kujua mpaka umwambie. Na jeli nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe, kwa hiyo hata ile isiyo na pombe, soma pakiti kabla hujamkaribisha rafiki yako Mwislamu.

Ushauri wangu ni mdogo na haugharimu kitu. Andaa masinia mawili, moja lenye pombe na moja lisilo nayo, na yaonekane tofauti kwa mbali: hili vikombe vyekundu, lile vyeupe. Andika kwenye kadi kila kikombe kina nini na kiasi gani. Yale ya pombe yakae juu, mbali na watoto, maana mtoto akiona konfleksi haulizi swali la pili. Na sinia lisilo na pombe liwe na vikombe vingi na mapambo mazuri sawasawa na lile lingine, asije mtu akajiona kama mgeni wa daraja la pili.

Haya, nimemaliza. Ninyi mnaopika kwenye pati zenu, mnawaambiaje wageni? Mnaandika, mnatangaza, au mnaacha kila mtu ajijue? Naomba mawazo yenu, na kama kuna mwenye bibi aliyewahi kuficha kitu kwenye kitindamlo, kisa hicho ndicho ninachokitaka zaidi.