Safari ya Heru Juu

Juni 2015 nilikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, na bibi yangu wa Kibondo alinikabidhi kwa kondakta kama anayekabidhi trei la mayai. "Usimshushe mpaka umwone mama yake mdogo kwa macho yako." Barabara ya Kasulu wakati huo ilikuwa ya vumbi jekundu tupu. Nilishuka nikiwa na rangi ile ile ya abiria wote, tukachekana. Nimezaliwa na ualbino; siku za kufanana na watu nazihesabu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu hofu. Kwa hiyo nianze na yale yaliyoandikwa.

Kuanzia mwaka 2007 habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilianza kutoka Kanda ya Ziwa mfululizo. Waganga waliwaaminisha watu kwamba viungo vyetu huleta utajiri migodini na ziwani. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, mwandishi wa BBC, alijifanya mteja akaenda kwa waganga, akatangaza aliyoyasikia. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni akilizungumzia jambo hilo. Ng'ambo ya mpaka, Ruyigi nchini Burundi, mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare aliwahifadhi watu nyumbani kwake mwenyewe, na Julai 2009 mahakama ya huko iliwatia wauaji hatiani. Upande wetu, shule ya Kabanga wilayani Kasulu, iliyokuwa ikipokea watoto wenye ulemavu, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino.

Sisi wengine tulibaki majumbani. Bibi aliniambia sentensi moja tangu nikiwa darasa la tatu: "Atakayekuuza atakuwa analijua jina lako."

Mwaka 2015 ulikuwa wa uchaguzi, na kwetu uchaguzi ulimaanisha kufunga mlango mapema. Desemba 2014 mtoto wa kike wa miaka minne aliibwa mkoani Mwanza. Januari serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Februari mtoto wa mwaka mmoja alichukuliwa Geita, akakutwa ameuawa. Juni 13 dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Wiki zile zile mabasi yaliyojaa wakimbizi wa Burundi yalikuwa yakipandisha kutoka Kigoma kwenda kambi ya Nyarugusu. Kasulu ilijaa wageni, na mama mdogo alimwogopa kila mgeni.

Yeye hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa jirani, miaka 17, akiuza duka la baba yake likizo. Siku ya kwanza nilipokwenda kununua sabuni aliniuliza, "Jua linakuuma au linakuchoma?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu, "Linachoma ngozi. Macho ndiyo linayauma."

Sisi tunakosa melanini, si kwenye ngozi na nywele tu, hata machoni. Miwani husaidia kidogo. Ubaoni sioni, na kitabu nakisogeza mpaka kinagusa pua. Alipoliona hilo alichukua daftari langu la historia, akaanza kuninakilia kwa ile kalamu nene ya kuandikia bei kwenye maboksi. Herufi kubwa, mistari mitano kwa ukurasa. Daftari moja likawa manne. Jioni jua likishalegea tulikaa kwenye benchi la dukani, tukitafuna karanga. Vijana wa kijiweni waliita, "Dili hilo, kamata!" Wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuhama kiti. Sikuwa nimewahi kupendwa, lakini nilijua ni hicho.

Wiki ya mwisho alisema, "Jumamosi naazima pikipiki ya kaka. Nikupeleke Heru Juu." Nilikuwa nimemweleza habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru miaka ya 1950. Nikafurahi. Kisha akaongeza, "Usiwaambie kwanza, watakukatalia."

Usiku ule sikulala. Analijua jina langu. Pikipiki. Usiwaambie. Alfajiri nilimwambia mama mdogo.

Ijumaa usiku baba mdogo na wanaume wa mtaa walimtoa nyumbani kwao. Walimuuliza nani amemtuma na ameahidiwa shilingi ngapi. Walisoma kila ujumbe kwenye simu yake. Wakamwaga mkoba aliokuwa amefungasha: chupa ya maji, karanga, na kofia mpya ya kike yenye ukingo mpana. Walimwachia asubuhi.

Jumatatu nilikwenda dukani. Alikuwa anapima sukari.

"Ulidhani ningekuuza?"

"Sikudhani. Niliogopa."

"Kwangu ni kitu kimoja." Akafunga sukari, akanihesabia chenji, akaita, "Mteja mwingine." Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nilirudi Kibondo na madaftari manne. Hatujaongea tena.

Kwa miaka mingi nilitaka kujua kosa lilikuwa la nani. Mama mdogo alifanya alichopaswa. Katika kesi zilizofika mahakamani walikuwemo ndugu na majirani waliowauza watu wao. Binti wa miaka 16 akiniuliza leo, nitamwambia aseme nyumbani, kama nilivyosema mimi. Lakini ripoti ninazosoma huhesabu waliouawa, waliojeruhiwa na makaburi yaliyofukuliwa. Mimi sikuguswa hata unywele, naye hakumgusa mtu. Hatumo kwenye jedwali lolote, ingawa mwaka ule ulitupitia na kitu ulichukua.

Mwaka jana nilikwenda Heru Juu kwa ajili ya utafiti. Nilivaa mikono mirefu na kofia, nikajipaka mafuta ya jua. Mwendesha bodaboda alikuwa kijana mpole, akaniuliza kama nina raha pale nyuma. Kabla sijapanda nilikuwa nimeshapiga picha namba ya pikipiki yake na kumtumia mama mdogo.