Simiti ya Jino Isiyoonekana Kwenye Eksirei

Juma hili tunazungumzia simiti ambayo daktari huzibia jino la mtoto. Je, ulijua kwamba simiti nyingine haionekani kwenye eksirei, na daktari asiyejua hivyo anaweza kulitoboa jino tena akidhani kuna tundu?

Tuanze mbali kidogo. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Ujerumani mnamo Novemba 1895. Januari 1896, Mjerumani mwenzake, Otto Walkhoff, alipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilichukua dakika 25 bila kutikisika. (Mwambie mtoto wa miaka mitano afanye hivyo!) Siku hizi haifiki hata sekunde moja.

Picha hiyo ni kama negativu. Miale inapopenya, panakuwa peusi. Inapozuiwa, panakuwa peupe. Jino zima lina madini mengi, kwa hiyo huonekana jeupe. Palipooza madini yamekwisha, ndiyo maana tundu huonekana jeusi. Simiti nyingi za zamani zilikuwa na zinki, na zinki huzuia miale vizuri. Daktari aliona doa jeupe, akajua pamezibwa.

Mwaka 1972, Alan Wilson na Brian Kent wa Uingereza walitangaza simiti mpya, glasi ionoma. Ilikuwa nzuri kweli: hushikamana na jino yenyewe, tena hutoa floridi. Lakini unga wa glasi yake ya kwanza haukuwa na madini mazito, miale ikapita tu. Jino lililozibwa vizuri likaonekana kana kwamba limeoza! Baadaye watengenezaji walitia strontiamu, bariamu na madini mengine mazito. Nyingi za leo huonekana, ingawa si zote kwa kiwango kimoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika habari hii. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake huko Tanzania walianza kuziba meno bila mashine wala umeme. Uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa simiti. Glasi ionoma ndiyo iliyokuja kuwa simiti ya kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza glasi ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kuna jambo jingine. Tundu likiwa refu, daktari huweza kuacha makusudi uozo kidogo chini kabisa, asije akaufikia mshipa wa jino, kisha akaziba juu yake. Kwenye picha utaona giza chini ya simiti. Si lazima iwe kazi mbaya.

Kwa hiyo mama, mtoto akizibwa jino, omba iandikwe kwenye kadi au daftari lake la kliniki: jino gani, simiti gani, tarehe gani. Ukimpeleka kwa daktari mwingine, pengine Nanyuki au Meru mjini, onyesha daftari hilo kabla ya picha kusomwa. Wala usione haya kuuliza, "Daktari, hili jeusi ni tundu ama ni simiti?" Atalikagua jino lenyewe kinywani.

Lakini mtoto akilia usiku kwa maumivu, au ufizi na shavu vikivimba, usikae ukitafuta daftari. Mpeleke hospitali.