Jinsi, Jinsia na Ugonjwa wa Moyo

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu namna wanawake walivyoachwa nyuma katika utafiti wa magonjwa ya moyo hukimbilia istilahi "upendeleo wa kijinsia". Istilahi hiyo inaeleweka, lakini imefunga pamoja makosa mawili ambayo kila moja lina dawa yake. Kiswahili kina maneno ya kuyatenganisha. Jinsi ni maumbile ya kike au ya kiume: kromosomu, homoni, ukubwa wa moyo, wembamba wa mishipa yake. Jinsia ni nafasi na majukumu ambayo jamii humpa mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Tanzania wakufunzi wa masuala ya jinsia wamefundisha tofauti hii kwa miaka mingi, ila katika matumizi ya kila siku jinsia imemeza jinsi. Sababu moja naielewa: jinsi limezoeleka mno kwa maana ya namna, kama katika "jinsi ya kupika pilau", na mwandishi huogopa kumchanganya msomaji. Hata hivyo, kwenye habari za moyo gharama ya kuliacha neno hilo ni kubwa.

Tuanze na jinsi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 kuhusu sigara, shinikizo la damu na kolesteroli, uitwao MRFIT, uliandikisha watu 12,866. Wote walikuwa wanaume. Mwingine uliwapa aspirini au kidonge kisicho na dawa madaktari 22,071, nao wote wanaume, na ripoti yake ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba aspirini ilipunguza hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo kwa asilimia 44. Wanawake walisubiri hadi mwaka 2005 kupata jibu lao, kutoka kwa utafiti wa wanawake 39,876 wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Kwao aspirini haikupunguza mshtuko wa moyo kwa kiasi cha kutegemewa; ilichopunguza ni kiharusi, kwa asilimia 17. Ni kweli dozi hazikulingana, miligramu 325 kwa wanaume na 100 kwa wanawake, kila baada ya siku moja, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa maumbile. Lakini hata swali hilo lisingeweza kuulizwa kabla ya wanawake kuhesabiwa. Wala haikuwa kwamba jambo hilo halikuwezekana: utafiti wa moyo wa Framingham, ulioanza mwaka 1948, ulikuwa na wanawake zaidi ya nusu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia. Mwaka 2015 watafiti wa Edinburgh walichapisha matokeo ya kutumia kipimo kikali zaidi chenye mpaka wa kila jinsi: nanogramu 16 kwa lita kwa wanawake, 34 kwa wanaume. Wanawake waliotambuliwa kuwa na mshtuko wa moyo walipanda kutoka asilimia 11 hadi 22. Wanaume walitoka 19 wakafika 21 tu. Nusu ya wanawake hao wangekosa jina la ugonjwa wao, hata kama daktari aliyewapokea angekuwa mwadilifu kiasi gani. Kosa lilikuwa kwenye kipimo.

Kosa la jinsia ni jingine. Mwaka 1991 Bernadine Healy, daktari wa moyo na mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliandika tahariri katika New England Journal of Medicine kuhusu alichokiita sindromu ya Yentl. Yentl ni msichana wa Kiyahudi katika hadithi ya Isaac Bashevis Singer, aliyevaa kiume ili aruhusiwe kusoma vitabu vya dini. Healy alitaka kusema kwamba mwanamke hutibiwa kama mwanamume pale tu anapokwisha kuthibitisha kuwa moyo wake umeharibika kama wa mwanamume. Utafiti mmoja uliotoka pamoja na tahariri yake uliwatazama watu waliopata mshtuko wa moyo na kuuliza walihudumiwaje kabla. Wanawake walikuwa wameeleza kwamba maumivu ya kifua yanawakwamisha zaidi katika shughuli zao, lakini waliokwisha kupimwa moyo kwa katheta walikuwa asilimia 15.4, dhidi ya asilimia 27.3 ya wanaume. Hapa kipimo kilikuwepo na malalamiko yalitolewa. Kilichokosekana ni kusadikiwa. Kwa Kiswahili singebaki na jina la Yentl, kwa kuwa wengi wetu hatuijui hadithi yake. Ningeandika "upendeleo wa kijinsia katika tiba ya moyo", na lile kosa la kwanza ningeliita "utafiti ulioegemea jinsi moja".

Je, tofauti hii ina uzito nje ya kamusi? Watafiti wa Kanada walioongozwa na Louise Pilote waliwafuatilia wagonjwa wa moyo wenye umri wa miaka 18 hadi 55. Waliuliza nani mwenye kipato kikubwa nyumbani, nani anafanya kazi za ndani na kwa saa ngapi, nyumba ina msongo kiasi gani, na tabia zipi mtu anajiona nazo. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliobeba zaidi nafasi na sifa ambazo jamii huzihesabu kuwa za kike ndio waliorudiwa zaidi na ugonjwa katika miezi 12, wakiwemo wanaume. Kuwa na mwili wa kike peke yake hakukutabiri hilo. Ukiita vyote viwili jinsia, matokeo hayo hayaandikiki kwa Kiswahili. Sentensi inajipinga yenyewe.

Kwa hiyo wanaotafsiri madodoso ya utafiti waandike Jinsi penye kisanduku cha Me au Ke. Maswali kuhusu nani anaamka usiku mtoto akilia, nani anashika fedha za matibabu, na nani lazima aage kabla ya kwenda hospitali, yakae chini ya kichwa Jinsia.